Nguo ya mtandaoni ikigoma kuingia mwilini, nauli ya kuirudisha ni ya nani?

#1 Binti Matogoro
Wakuu, habari za mchana.

Nipo Songea. Niliagiza gauni la krepu kwenye ukurasa wa Instagram wa duka moja la Dar, bei 45,000. Kabla ya kulipa nilimtumia vipimo vyote kwa sentimita, kifua, kiuno na hipsi, naye akajibu "chukua XL, itakukaa vizuri mno". Boda wa kufikisha mzigo ofisi za basi Shekilango 5,000, basi 7,000, vyote juu yangu. Gauni limefika, zipu inapanda mpaka katikati ya mgongo, inagoma.

Nimemwomba abadilishe. Hajakataa, ila masharti yake ni haya: nauli ya kulirudisha Dar yangu, boda wa kwenda kulichukua ofisi za basi wangu, halafu XXL likianza safari nalipia tena boda na basi. Yaani 12,000 ya mwanzo, 12,000 ya kurudisha, 12,000 ya kuletewa jingine. Gauni la 45,000 linanitoka 81,000, hapo sijaweka makato ya kutuma pesa. Na pesa yenyewe harudishi, kaandika juu kabisa ya ukurasa kwa herufi kubwa.

Kosa la saizi hapo ni langu au lake? Na kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa pesa taslimu, siyo kubadilishiwa, na duka la mtandaoni la Bongo?

#2 Kidevu cha Mbuzi
Bila picha uzi haunogi.

#3 Binti Matogoro
Picha ya gauni au ya zipu?

#4 Kidevu cha Mbuzi
Ya zipu.

#5 Mzee wa Mchikichi
Binti pole. Nina fremu Kariakoo, ngoja nikueleze ya upande wa pili. Huyo uliyenunua kwake yawezekana kabisa hana duka. Asubuhi anapita Mtaa wa Kongo na Aggrey, anapiga picha magauni yaliyotundikwa, anaongeza chake juu, anapandisha Instagram. Ukishalipa ndiyo anamtuma boda aje kulichukua kwa mwenye fremu kama mimi. Na mimi kwenye risiti nimeandika mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa akipokea gauni lako alipeleke wapi? Akikurudishia 45,000 ameitoa mfukoni kwake, na faida yake hapo labda ilikuwa elfu nane.

Hata mwenye stoo ana mtihani wake. Mzigo wa jumla unakuja kwa pakiti, ndani mna M, L, XL na XXL. Hununui XXL tupu. Wateja wanagombania kubwa, M zinabaki zimelala mpaka zinashika vumbi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "XL itakukaa", wakati mwingine maana yake XXL imeisha.

#6 Sumu ya Panya
Sentensi ya mwisho ya #5 ichapwe kwenye mabango, ibandikwe Msimbazi nzima.

#7 Mama Wawili
Mzee wa Mchikichi nakuheshimu sana, ila udalali wake mimi mteja unanihusu nini? Akipata faida hanigawii. Akipata hasara ndiyo ananikumbuka tushirikiane. Binti katoa vipimo, mwenye bidhaa ndiye kachagua. Kama alikuwa hajui gauni lina upana gani angesema hajui.

#8 Kifungu
Tutenganishe mambo mawili, maana naona yanachanganywa. Kuna mteja aliyebadili mawazo: nguo ni ileile, saizi ni aliyoomba, ila kajitazama kwenye kioo hajajipenda. Na kuna aliyeletewa kitu kisicholingana na maelezo.

Huyu wa pili sheria zetu zinamtambua siku nyingi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua kabla hajahesabiwa kuwa ameikubali. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu nzima kuhusu mlaji anayenunua kwa mtandao. Kwa maoni yangu Binti yupo kundi la pili. Maandishi ya "haturudishi" hayafuti sheria. Apeleke malalamiko Baraza la Ushindani.

#9 Mpita Njia 77
Marekebisho kidogo: malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Baraza la Ushindani linasikiliza rufaa. Halafu Kifungu, tuwe wakweli, nani atabeba faili aanze kuzunguka na maofisi kwa ajili ya gauni la elfu arobaini na tano?

#10 Kifungu
Sawa, Tume. Hoja ipo palepale. Ujumbe mmoja wenye jina la sheria mara nyingi unatosha kumfanya mtu apunguze masharti.

#11 Dada Viwalo
Nauza nguo mtandaoni, nipo Sinza, najua nitatukanwa lakini acha niseme.

Mteja anachukua gauni Alhamisi. Jumamosi sendofu. Jumatatu ananiandikia "dear haijanikaa, naomba nirudishe". Gauni likija lina poda kwenye kola, linanukia manukato na pilau, lebo imerudishiwa kwa pini. Nimuuzie nani? Mwingine akishapokea mzigo anapiga simu kampuni ya simu anasema alituma pesa kimakosa, muamala uzuiwe. Nguo kabaki nayo, na pesa yangu imeshikwa wakati mimi nahangaika kujieleza. Hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike herufi kubwa.

Kuhusu nauli: boda hanikopeshi, basi halinikopeshi. Mteja wa Dar anakuja dukani anajaribu, sina neno naye. Wa mikoani ndiyo kila kosa lina bei. Na vipimo wateja mnadanganya jamani. Mtu ana hipsi 118 anakuandikia 104, kumbe hiyo 104 ni ya kabla ya mtoto wa pili.

#12 Mama Wawili
Hapo kwa mtoto wa pili umenitaja kwa jina.

#13 Sumu ya Panya
Dada Viwalo, hebu tuulizane: kati ya wateja mia, wangapi wanarudisha gauni la pilau? Wawili? Kwa nini waliobaki walipe dhambi za hao?

#14 Dada Viwalo
Kwa sababu siwajui kwa sura. Inboksi wote wana picha ya maua.

#15 Fundi wa Buguruni
Mnazunguka mbuyu. Shida ipo kwenye lile jedwali la saizi. Linatoka kiwandani, na mara nyingi ni vipimo vya nguo, siyo vya mwili. Mteja anasoma kifua 100, anajipima anapata 100, anashangilia. Krepu isiyovutika inataka iachie sentimita sita mpaka nane zaidi ya mwili, la sivyo ukikaa inakukaba, ukinyanyua mkono inachanika kwapani. Spandeksi, ile inayovutika, ni habari nyingine, hata ikiwa ndogo kuliko mwili inaingia. Kwa hiyo nambari ileile kwa vitambaa viwili ni saizi mbili. Na XL ya mzigo wa China, ukiiweka juu ya L ya mtumba wa Ulaya utacheka ilivyo ndogo.

Pili, picha. Mwanamitindo kabanwa pini nyuma ya mgongo ili gauni lionekane limemshika. Nimeshaitwa kwenye hizo picha kushika pini.

Binti, usitarajie fundi alipanue kwa ubavuni. Nguo ya kiwandani inakatwa kwa ubahili, mshono una sentimita moja halafu ovaloki juu yake, hakuna cha kufungulia. Njia iliyopo ni kutoa zipu na kuweka kamba za kukaza mgongoni, na kipande cha kitambaa kwa ndani kuficha ngozi. Fundi mzuri hatakutoza nauli hizo ulizoandika.

#16 Binti Matogoro
Fundi, la kamba sikuliwaza kabisa. Ila nikishalifumua, haki ya kurudisha si inakufa?

#17 Fundi wa Buguruni
Inakufa na matanga tunamaliza siku hiyohiyo.

#18 Kifungu
Binti usiguse hata uzi mmoja mpaka mmalizane. Lebo usikate.

#19 Mlowezi Leipzig
Nasoma nikiwa Ujerumani nacheka kwa uchungu. Huku mtu anaagiza kiatu kimoja saizi tatu, anatembea navyo sebuleni, anabaki na kimoja, viwili kesho yake vinarudi. Zalando, duka la nguo la mtandaoni, walianza Berlin mwaka 2008, baadaye wakatoka na tangazo lililokuwa likisema upige kelele kwa furaha, au urudishe. Wenyewe wamewahi kusema karibu nusu ya wanachotuma kinarudi. Wala hulipi senti, lebo ya kurudishia unapewa. Tatizo la wafanyabiashara wetu ni uroho, basi.

#20 Mpita Njia 77
Hulipi senti kwa sababu kampuni imeamua hivyo. Sheria hailazimishi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2011 unampa mteja siku 14 za kughairi bila kueleza sababu, lakini nauli ya kurudisha inaweza kuwa ya mteja, mradi aliambiwa mapema. Ujerumani kweli ilikuwa na kanuni ya muuzaji kubeba nauli kwa bidhaa ya zaidi ya euro 40, ila ilikoma Juni 2014. Kampuni ziliendelea kurudishia bure ili zisipoteze wateja.

#21 Mlowezi Leipzig
Nakubali kwa sheria. Ila ukweli wa mtaani ni kwamba mteja wa huku amezoea. Hata hivyo nao Zalando wameanza kubana, siku za kurudisha zilikuwa 100, tangu 2023 zimekuwa 30.

#22 Shangazi wa Reading
Uingereza mambo yameshabadilika. Zara walianza 2022 kukata pauni 1.95 ukirudishia kwenye vituo vya vifurushi, ukipeleka dukani kwao bure. H&M wakafuata 2023. ASOS mwaka 2024 wakaja na makato kwa wanaorudisha kupita kiasi. Mtu anayeagiza nguo kumi abaki na moja sasa wanamhesabu.

Msidhani pia ni raha. Utafute mkanda wa gundi, utafute printa, upange foleni, utunze risiti ya posta kama cheti cha ndoa, maana kifurushi kikipotea bila risiti imekula kwako. Pesa inakaa kwao wiki hata mbili. Nina mfuko wa nguo za kurudisha nyuma ya mlango, tarehe zimepita, sasa ni zangu kwa nguvu.

Alichosema Kifungu #8 ndicho kilivyo hata huku: ukibadili mawazo nauli inaweza kuwa yako, kitu kikiwa kibovu au siyo ulichoambiwa nauli ni ya muuzaji. Tofauti ni kwamba huku ukimwandikia hivyo anaogopa.

#23 Sumu ya Panya
Shangazi, pauni 1.95 haifiki hata nauli ya basi ya Binti kwenda tu. Halafu huko kwenu kuna lami.

#24 Mzee wa Mchikichi
Hao wa Ulaya bure yao iko ndani ya bei, nusu ya mzigo haiwezi kuzunguka barabarani bila mtu kulipa. Ila mnieleze kitu kingine. Zinazorudi zote zinauzwa tena? Maana robota la mtumba la daraja la kwanza ukilifungua unakuta nguo zina lebo za bei zinaning'inia, hazijavaliwa hata siku moja.

#25 Mlowezi Leipzig
Nyingi zinapigwa pasi zinauzwa tena. Nyingine zinauzwa kwa mafungu kwa wafanyabiashara wa mabaki. Zipo zilizokuwa zinaharibiwa kabisa, kwa sababu kuzikagua moja moja ni gharama. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 kukataza kuharibu nguo ambazo hazijauzwa, na Umoja wa Ulaya ukaweka marufuku hiyo kwa kampuni kubwa kuanzia Julai 2026. Kwa hiyo Mzee jiandae, marobota yatanona.

#26 Fundi wa Buguruni
Lebo siyo ushahidi kwamba ilirudishwa. Inaweza kuwa mzigo wa msimu uliopita uliobaki dukani. Mimi nikiitazama nguo najua kama iliwahi kuingia mwilini, pindo linasema.

#27 Mzee wa Mchikichi
Pindo linasema nini kwa nguo iliyovaliwa sebuleni dakika tano?

#28 Mwana wa Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Kwetu hadithi ni hiyo hiyo, muuzaji yuko Nairobi, mzigo waja kwa basi, ikikukataa ni wewe na Mungu wako. Sheria ya kulinda watumiaji tunayo tangu 2012, na ibara ya 46 ya Katiba yataja haki zetu, lakini nguo ya shilingi elfu mbili mia tano nani ataipandisha kizimbani?

Ndani ya mji kuna wauzaji wamepata dawa. Mwenye pikipiki akuletea, wavaa, yeye angoja mlangoni. Ikikufaa walipa nguo na nauli. Isipokufaa wamlipa nauli yake tu, aondoka nayo. Mamangu humfanya yule kijana akae anywe chai mpaka nguo itazamwe na majirani.

#29 Dada Viwalo
Mwana wa Kibokoni hiyo tunafanya Dar pia, lipa mzigo ukifika. Boda akiwa njiani, mteja anazima simu. Boda karudi Sinza na gauni, nauli ya kwenda na kurudi nadaiwa mimi. Nimebaki na utaratibu huo kwa wateja ninaowajua tu.

#30 Mpita Njia 77
Ndiyo maana nasema kinachokosekana ni mtu wa kati anayeshika pesa. Jumia, lile soko la mtandaoni, alipokuwa hapa, kabla hajafunga Tanzania Novemba 2019, angalau ulikuwa unajua ukigombana unagombana na nani. Sasa hivi ukishatuma kwa namba ya mtu umemkabidhi kila kitu, halafu unaanza kumbembeleza. Pesa ingekaa mahali siku saba, mteja akiridhika iende kwa muuzaji, nusu ya kelele hizi zingeisha.

#31 Mzee wa Mchikichi
Siku saba? Mtaji wa Kariakoo unazunguka kila siku. Pesa ya leo asubuhi ndiyo mzigo wa jioni. Hao kina Dada Viwalo ukiwawekea siku saba wote watafunga.

#32 Mama Wawili
Wafunge wabaki wenye maduka.

#33 Dada Viwalo
Wenye maduka wana kodi ya fremu, na utailipa wewe kwenye hilo gauni.

#34 Bi Mkubwa Ruwi
Assalaam aleykum. Mie nipo Muscat, nanunua mabaibui mtandaoni kila Ramadhani inapokaribia. Huku saizi ni urefu kwa inchi, 52, 54, 56, 58, huna haja ya XL wala nini. Unapima kutoka begani mpaka chini na viatu unavyovaa. Yakizidi unampelekea fundi akate pindo, basi. Makampuni makubwa hutuma mtu kuja kulichukua mlangoni ukilikataa. Lakini wale wanaoshona kwa oda kwenye Instagram, harudishi mtu, awe wa Dubai awe wa Unguja. Na ukishakata pindo usimtafute mwenye duka.

Nguo za kubana ndizo zenye fitina. Vaeni mabaibui.

#35 Kidevu cha Mbuzi
Mimi pia nivae?

#36 Binti Matogoro
Mrejesho. Nimemwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, nikamtajia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Tume kama Kifungu alivyoelekeza, nikamwomba tugawane, kulirudisha juu yangu, kuleta jingine juu yake. Ameisoma. Kanipiga bloku.

#37 Mpita Njia 77
Kifungu, ule ujumbe mmoja unaotosha kumfanya mtu apunguze masharti umefika.

#38 Kifungu
Bloku nayo ni ushahidi. Binti, una picha za mazungumzo na meseji ya malipo? Jina lililotokea wakati wa kulipa ndilo la muhimu, siyo jina la ukurasa. Ukurasa anafungua mwingine kesho.

#39 Shangazi wa Reading
Kwani huna ndugu Dar, mwanangu? Sisi zamani hatukununua kitu cha mjini bila kumtuma mtu wa kwetu akakishike kwa mkono.

#40 Binti Matogoro
Ndugu ninao Shangazi, wakinisaidia kununua gauni wananunua na la kwao kwa pesa hiyohiyo.

#41 Lizaboni Nambari Moja
Binti, na mimi nipo Songea, nipo Lizaboni. Mdogo wangu ni mwembamba, ana mahafali mwisho wa mwezi. Gauni rangi gani? Nina 30,000.

#42 Binti Matogoro
Kijani ya chupa. Halijavaliwa, lebo ipo. Njoo na 38,000.

#43 Lizaboni Nambari Moja
32,000, na mdogo wangu ajaribu kwanza.

#44 Dada Viwalo
Mmeona sasa? Akiuza yeye bei inapanda na huruma imeisha.

#45 Mama Wawili
Huyu mteja wake anajaribu kabla ya kulipa, Dada. Usijifananishe.

#46 Kijana wa Kiluvya
Samahani kuingilia. Nataka kuagiza suti ya harusi yangu mtandaoni, harusi Desemba. Kwa haya niliyosoma niagize au niache?

#47 Fundi wa Buguruni
Suti ndiyo kabisa usiguse. Mabega hayarekebishiki. Njoo Buguruni nikupime mwenyewe, kitambaa tunachagua pamoja.

#48 Dada Viwalo
Kijana, ya mtandaoni isipokukaa utakuwa nayo hata kama imekubana. Ya Fundi itakukaa sana, Februari.